Maji ya Kidole Kimoja

Kila siku asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mashamba ya alizeti, lango la nyumba ya Bibi Eudochia lilifunguka na mkokoteni ukatoka. Ulikuwa mkokoteni mdogo wa magurudumu mawili, na juu yake yalisimama madumu manne ya plastiki, kila moja la lita kumi. Aliyeuvuta alikuwa Ilinca, mjukuu wa Bibi Eudochia, msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba wa mwili lakini si wa maneno. Mama yake alikuwa Italia akiwauguza wazee wa watu wengine, na kila Jumapili alipopiga simu swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Maji umeleta?"

Kijijini kwetu Valea Socului kuna kisima karibu kila uani, ila maji yake ni ya kufulia na kumwagilia nyanya. Ya kunywa tunayafuata kwenye chemchemi iliyo chini ya kilima, mwendo wa nusu saa. Mzee Tudose, babu yake Ilinca, ndiye aliyeijengea ukuta wa mawe mwaka wa ukame mkubwa. Mawe aliyabeba mwenyewe, na ukuta ulipokwisha mgongo wake haukunyooka tena mpaka alipofariki. Jina lake hakuliandika popote kwa sababu hapakuwa na haja. Kwetu aliyejenga chemchemi huombewa na kila anayekunywa. Ukishameza funda la kwanza unasema, "Mungu amrehemu Tudose," ndipo unapofuta mdomo. Bibi Eudochia alikuwa akitamba kwamba mumewe anaombewa kuliko padri aliyemzika.

Dumu moja lilikuwa la nyumbani kwao. Moja lilikwenda kwa Mwalimu Agripina, mwalimu mstaafu aliyeishi nyumba ya tatu. Mawili yalikuwa ya Mzee Harlampie, dereva wa trekta wa zamani, aliyekuwa na magoti mabovu na ulimi mzima. Hao wawili hawakuwa na nguvu ya kufika chemchemini, na Ilinca aliwachukulia maji bila kudai chochote. Lakini usidhani hakupata kitu. Alipata heshima, na aliipenda sana.

Heshima yenyewe ilitokana na jambo ambalo kijijini kwetu halina mjadala. Ukikutana njiani na mtu mwenye chombo kilichojaa maji, siku yako imenyooka. Ukikutana na mwenye chombo kitupu, bora urudi ukalale. Kaka wa Zina, msichana rafiki wa Ilinca, alipokuwa anakwenda mjini kufanya mtihani wa udereva, alijibanza nyuma ya lango lao mpaka alipomwona Ilinca anarudi na madumu yamejaa. Alifaulu. Tangu siku hiyo kila mwenye safari ya hospitali, ya posa au ya ofisini alimvizia Ilinca njiani. Naye alijua. Alipopanda kilima na mzigo wake alinyoosha shingo na kuwaitikia watu kama bibi harusi.

Sasa utauliza, kurudi alirudi na madumu yamejaa, je, kwenda? Hilo nalo lilikuwa na dawa yake, na dawa aliitoa Bibi Eudochia. "Usilimalize dumu," alimwambia siku ya kwanza alipomkabidhi kazi ile. "Acha maji chini, hata kidole kimoja. Kidole kimoja si tupu." Ilinca akashika. Aliwafundisha Mzee Harlampie na Mwalimu Agripina nao waache kidole kimoja. Hivyo kila asubuhi madumu yalitoka na maji kidogo yakichezacheza chini, yakafika chemchemini, yakajazwa juu ya yale yale. Kwa majira mawili ya joto hapana mwanadamu hata mmoja aliyekutana na Ilinca akiwa na chombo kitupu. Hilo lilikuwa fahari yake kubwa.

Katikati ya Julai likaja joto ambalo hata kuku walilikimbia. Jumatatu ya wiki hiyo Ilinca alifika kwa Mzee Harlampie, akakuta lango limefungwa.

"Mzee Harlampie, maji."

Sauti ikatoka ndani, dhaifu na yenye hasira. "Yaache hapo nje uondoke nayo."

"Sasa niyaache au niondoke nayo?"

"Ondoka nayo. Tangu juzi mimi na choo ni ndugu. Nimeendesha trekta miaka arobaini, nimekula vilivyopikwa na visivyopikwa, na tumbo hili halijawahi kunisaliti. Chemchemi ya babu yako imeoza."

"Chemchemi ya babu yangu haiozi," Ilinca alisema, na uso ukamwaka moto.

"Basi tumbo langu ndilo lililooza. Haya, nenda ukaliandike kwenye jiwe."

Kwa Mwalimu Agripina alikuta baiskeli ya Nesi Raisa imeegemezwa ukutani. Nesi Raisa alikuwa peke yake katika zahanati ya kijiji. Alitibu watu, na wakati mwingine ng'ombe. Alitoka ndani akikunja kipimo chake cha kusikilizia moyo.

"Na huyu naye anaharisha," alisema. "Wawili mtaa mmoja. Nimechukua chupa ya maji ya chemchemi, kesho asubuhi itakwenda mjini na basi ikapimwe. Nimewaambia wanywe maji yaliyochemshwa tu, lakini Mwalimu hataki kusikia. Anasema maji ya Tudose hayajawahi kumdhuru mtu, na hatayasaliti leo."

Kufikia saa sita mchana, meya alikuwa amezungushia chemchemi utepe wa plastiki mwekundu na mweupe, na kubandika karatasi: MAJI YASINYWEWE MPAKA MAJIBU YATOKE IJUMAA. Mzee Harlampie, kutoka dirishani kwake, aliwatangazia wapita njia kwamba hiyo haitoshi, chemchemi ifukiwe kabisa kwa udongo. Bibi Eudochia alishuka kilima kwenda kuiona karatasi kwa macho yake. Aliporudi alivua kitambaa cha kichwani, akaketi kwenye benchi la uani, na ugali wa njano na jibini aliotengewa hakuugusa.

"Miaka ishirini na minane," alisema, "haijapita siku bila mtu kumtaja. Leo hakuna aliyemtaja."

Ilinca alikuwa na hasira na Mzee Harlampie, na meya, na ule utepe. Kama angekuwa na nguvu angeukata kwa meno.

Zina alikuja baada ya chakula cha mchana, na aprikoti kwenye aproni, akakaa juu ya kizingiti akila na kutema mbegu.

"Kwenu mnaumwa?" Ilinca alimuuliza.

"Nani aumwe? Si unaniona nakula."

"Mnakunywa maji gani?"

"Ya chemchemi. Baba alileta Jumamosi kwa gari, madumu sita. Tunakunywa mpaka leo."

"Unaona? Basi chemchemi haijaoza."

"Mimi nilisema imeoza? Hiyo kazi ya kusema ni ya Mzee Harlampie." Zina akatema mbegu. "Na wewe unaumwa?"

"Siumwi. Mimi nakunywa pale pale, yanapotokea kwenye jiwe."

"Na bibi yako?"

"Bibi hanywi maji. Ni chai, na maji ya matunda aliyoyachemsha."

Zina alitafuna polepole. "Basi wanaoumwa ni wale wanaokunywa kwenye madumu yako tu," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, kama mtu anayesema mvua haitanyesha, na ndiyo maana ilimchoma Ilinca zaidi.

"Toka kwetu."

"Natoka. Lakini chungulia," Zina alisema, akakusanya aproni yake akaenda zake.

Ilinca alikaa kidogo na hasira yake. Kisha akainuka, akaenda kwenye ukuta wa upande wa jua, mahali madumu yalipokaa kila yaliporudishwa, yakisubiri kesho. Alilinyanyua la kwao, lililokwisha kutumika, akalielekeza kwenye mwanga. Sehemu ya chini ilikuwa na rangi ya kijani hafifu. Siku zote aliiona rangi hiyo na kudhani ni uzee wa plastiki. Alifungua kizibo, akaingiza kidole kwenye shingo ya dumu. Ndani palikuwa pananata na kuteleza. Akanusa. Lilinuka bwawa la bata.

Akalipindua. Kile kidole kimoja cha maji kilimwagika juu ya vumbi, pamoja na vipande vyepesi vya utando wa kijani. Alijaribu kukumbuka ni lini dumu hilo liliwahi kumwagwa lote. Hakukumbuka, kwa sababu haikuwahi kutokea. Kila siku maji mapya yalimiminwa juu ya ya jana, na ya jana yalikuwa yamekaa juu ya ya juzi, na jua likiyapika hapo ukutani tangu mwaka wa jana.

Wazo lililokuja kwanza halikuwa zuri, nami sitalificha: angeweza kuyaosha madumu yote manne jioni yakirudi, akayaanika, akanyamaza. Nani angejua? Ijumaa majibu yangekuja, chemchemi ingeonekana safi, na ugonjwa ungebaki kitendawili. Alilifikiria wazo hilo kwa muda wa kufunga kizibo kimoja. Halafu akamkumbuka Mwalimu Agripina, ambaye wakati ule ule huenda alikuwa anamimina maji kutoka kwenye dumu lililo kando ya kitanda chake, kwa sababu tu alimwamini Tudose.

Alikimbia bila viatu. Aliingia kwa Mwalimu bila kubisha hodi, na kikombe kilikuwa mkononi kweli, kimejaa.

"Nabusu mkono wako, Mwalimu, usinywe," alisema akihema, maana kwetu mkubwa huamkiwa hivyo hata kwa haraka. "Usinywe, tafadhali. Si chemchemi. Ni madumu yangu. Yana uchafu ndani, nimeuona sasa hivi."

Mwalimu Agripina alikiangalia kikombe, akakiweka juu ya meza. Alikuwa amekonda kwa siku mbili tu. "Umeujua sasa hivi?"

"Ndiyo."

"Na ukaja sasa hivi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi keti upumzike. Miaka thelathini na sita nimesahihisha makosa ya watoto, na wengi waliyaleta kwangu baada ya kuyaficha mwezi mzima." Akalala tena juu ya mto. "Ikifika jioni lipeleke dumu hili kwa Raisa. Akapime na lenyewe."

Ilinca hakungoja jioni. Nesi Raisa alichungulia ndani ya dumu kwa tochi ndogo, akakunja uso, akachota chupa ya pili na kuiandika jina. Chupa mbili zilikaa kwenye friji ya zahanati zikisubiri basi la asubuhi. Kwa Mzee Harlampie Nesi alikwenda mwenyewe kuchukua maji ya jana yaliyobaki jikoni, na kwa sababu mzee alikuwa ameyachukia, aliyatoa bila kuuliza.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. Bibi Eudochia alikuwa bado kwenye benchi. Ilinca alisimama mbele yake akamweleza kila kitu, dumu, utando, harufu, kikombe cha Mwalimu. Alimaliza akiangalia vidole vya miguu yake.

Bibi alikunja kitambaa chake cha kichwani mapajani. "Nani alikufundisha kuacha kidole kimoja?" akauliza.

"Wewe, Bibi," Ilinca alisema.

"Mimi." Bibi Eudochia alitikisa kichwa. "Sisi tulikuwa na ndoo, mwanangu. Ndoo mdomo wazi, mkono wote unaingia. Kila jioni tuliimwaga, tukaisugua, tukaipindua juu ya mti wa uzio. Asubuhi tunatia maji kidogo mapya, ndipo tunatoka. Haya madumu yenu mkono hauingii, nami nikakupa mila ya ndoo kwa chombo ambacho si ndoo. Tena nusu yake tu nikakupa. Ile ya kusugua nikaisahau."

"Kwa hiyo tutafanyaje?"

"Ukinyamaza, babu yako ndiye atakayebeba kosa letu, na yeye hana mdomo wa kujitetea. Ijumaa tutasimama wawili." Kisha akauvuta ugali wake, akala.

Ijumaa saa kumi jioni watu walijaa chemchemini, na wale wasio na shida ya maji walikuja kusikiliza. Mzee Harlampie aliletwa kwa gari la baba yake Zina, akashuka na fimbo yake, amepungua kilo lakini si sauti. Nesi Raisa alisimama karibu na ule utepe akafungua bahasha.

"Maji ya chemchemi hii ni safi," alisoma. "Yanafaa kwa kunywa."

Watu walinong'ona kwa furaha. Mzee Harlampie akagonga fimbo chini.

"Karatasi ni karatasi," alisema. "Karatasi haikulala chooni siku nne, mimi nililala. Kama chemchemi ni safi, niliugua nini? Nani atanijibu? Au tuseme Tudose ana wajukuu wanaojua kuongea na watu wa mjini?"

Bibi Eudochia alikakamaa kama mti. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuvuta mkokoteni Ilinca alitamani asionekane na mtu. Lakini swali lilikuwa limeulizwa, na aliyekuwa na jibu alikuwa yeye.

"Nitakujibu mimi, Mzee Harlampie," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Nitakujibu mimi. Niliyekuumiza ni mimi. Madumu yangu sikuwahi kuyaosha ndani. Kila siku nilibakisha kidole kimoja cha maji ili nisitoke na chombo kitupu, na chini yake kukaota uchafu. Maji yalitoka hapa yakiwa safi, nikayachafua mimi njiani. Naomba radhi. Kwako na kwa Mwalimu. Ila babu yangu msimlaumu."

Nesi Raisa aliinua karatasi ya pili. "Ni kweli," alisema. "Hili ni jibu la dumu. Sitalisoma lote, kuna watu hapa hawajala."

Mtu mmoja nyuma alicheka. "Kumbe bahati yetu ilikuwa na mwani," akasema, na kicheko kikasambaa. Masikio ya Ilinca yakawaka, lakini hakuinamisha kichwa.

Mzee Harlampie aliegemea fimbo yake. "Kwa hiyo majira mawili umeninywesha supu ya kijani."

"Ndiyo, mzee."

"Na umesimama mbele ya kijiji kizima kuniambia."

"Uliuliza."

"Na aliyemfundisha kubakisha kidole ni mimi," Bibi Eudochia akasema, akasogea mpaka bega lake likagusana na la mjukuu. "Kama kuna maneno, yagawe nusu kwa nusu."

Mzee Harlampie alifungua mdomo, na sote tulijiandaa kusikia. Lakini aliufunga tena. Alipiga hatua, akaukata ule utepe kwa kisu chake cha mfukoni bila hata kumwomba meya ruhusa, akakinga viganja chini ya maji, akanywa. "Mungu amrehemu Tudose," alisema, tena kwa sauti. Watu wakapanga foleni nyuma yake. Bibi Eudochia alisimama pembeni akihesabu midomo, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Sidhani kama kuna siku mzee yule aliombewa zaidi ya ile, hata siku aliyozikwa.

"Sasa tusiishie kunywa," Nesi Raisa alisema. "Wangapi hapa huosha madumu yao kwa ndani? Mkono juu."

Iliinuka mikono mitatu, na mmoja ulikuwa wa baba yake Zina. Wengine tuliangalia viatu vyetu. Mwenye kucheka kule nyuma ndiye aliyeangalia chini zaidi.

"Nilidhani hivyo. Ilinca, waonyeshe nilivyokufundisha."

Ilinca alikuwa amefanya kazi hiyo tangu Jumanne mpaka mikono ikamchubuka, na alikuja na dumu moja alilolibakiza kwa makusudi. Alitia ndani yake konzi mbili za punje kavu za mahindi, kijiko cha magadi, na maji ya moto aliyokuja nayo kwenye chupa ya chai. Akafunga kizibo, akalitikisa huku na huku, juu na chini, mpaka jasho likamtiririka. Alipomwaga, watoto walipiga kelele kwa kuona maji ya kijani yenye vipande vipande. Alirudia. Mara ya tatu maji yalitoka meupe. Akasuuza, akatia maji yenye matone ya dawa ya klorini kwa kipimo cha Nesi, akalaza dumu ili dawa ifike kila upande, na kizibo nacho akakitumbukiza kwenye bakuli la dawa.

"Nusu saa," alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Halafu unasuuza kwa maji ya chemchemi, unalipindua likauke. Nyumbani usiliweke juani. Weka ndani, mahali pa baridi na giza, maana kile kijani kinapenda jua. Usichovye kikombe, mimina. Kizibo kikianguka chini kioshe, usikipanguse kwa sketi. Na maji ya siku tatu si ya kunywa tena, mwagilia nyanya."

"Na dumu lolote linafaa?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Hapana. Lipindue uangalie chini. Lenye alama ya bilauri na uma ni la chakula. Lililowahi kuwa na rangi au dawa ya kunyunyizia mizabibu halitakuwa la kunywea kamwe, hata ulioshe vipi."

Mama yake Zina akainua mkono, akaonekana ana aibu kidogo. "Yote nimeelewa," alisema. "Lakini kumwaga lote, kukausha, halafu asubuhi atoke na madumu matupu kabisa... Mwanangu ana usaili mjini Jumatatu."

Wengine walicheka, ila kicheko kilikatika haraka, kwa sababu kila mtu alitaka kusikia jibu. Hata meya alisogea. Bibi Eudochia aliwatazama mmoja mmoja. Kisha alikwenda kwenye kichaka cha mrehani kilichoota kando ya ukuta wa mawe, akavunja vitawi vinne, akampa Ilinca.

"Afunge tawi moja kwenye mshikio wa kila dumu," alisema. "Anayebeba mrehani si mtupu. Au kuna mtu hapa ana lililo kubwa kuliko mrehani?"

Hakuna aliyekuwa nalo. Kwetu mrehani hukaa mbele ya picha za watakatifu, na bahati yote ya njiani haiufikii. Shauri likaishia hapo.

Jumatatu Ilinca alitoka na madumu manne, makavu, matupu, kila moja na tawi lake la kijani. Kaka wa Zina wa usaili alikutana naye kwenye kona, akaangalia mrehani, akavua kofia, akapita kwa amani. Mbele ya lango la Mzee Harlampie, mzee mwenyewe alikuwa amesimama akimsubiri, na mkononi ana dumu la njano.

"Nimelisugua mara tatu," alisema. "Mahindi yamekwisha ndani, kuku wananidai. Nijazie."

Ilinca alilipokea. Alilipindua, akatazama chini. Hapakuwa na alama yoyote. Akafungua, akanusa, akamrudishia.

"Hili la mafuta, mzee."

"Lilikuwa la mafuta. Zamani."

"Bado linanuka trekta. Halichukui maji ya kunywa, hata ulisugue mpaka Krismasi."

"Mimi niliendesha trekta kabla mama yako hajazaliwa."

"Ndiyo maana linanuka," Ilinca alisema.

Mzee Harlampie alivuta pumzi, akageuka kuelekea nyumba ya pili, ambako Bibi Eudochia alikuwa anachuma nyanya na kujifanya hasikii. "Eudochia, mjukuu wako amelikataa dumu langu. Ameniharisha, na sasa ananichagulia vyombo."

Bibi aliinuka na kapu lake. "Amekutendea haki," alisema. "Chemchemi inatoa maji safi, Harlampie, hiyo ni kazi yake. Kuyafikisha yakiwa safi ni kazi ya anayeyabeba. Na mbebaji akikosea, aseme mwenyewe kabla hajalaumiwa asiyehusika. Mtoto huyu amejifunza yote mawili kwa wiki moja. Wewe nakupa mpaka Jumapili."

Mzee alinung'unika, akaingia ndani akiburuta fimbo. Tulisikia makabati yakifunguliwa na kufungwa. Alitoka na dumu jeupe, jipya kabisa, bado na karatasi yake, akalipindua mwenyewe kumwonyesha Ilinca ile bilauri na uma. Ilinca alipitisha kidole kwenye shingo, akanusa, akalipandisha juu ya mkokoteni na kulifunga kwa kamba.

"Hili sawa. Nitalisuuza kule kwanza."

"Lisuuze," alisema Mzee Harlampie. "Halafu kesho unichukulie mawili, kama zamani. Maji ya mtu mwingine siyataki."

Ilinca alinyoosha shingo, akaushika mkokoteni, akashuka kilima.